Utando Nilioufagia Jikoni kwa Mama Mkwe

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Baba mkwe wangu, mzazi wa mume wangu, ndiye aliyejikata mguu. Wifi yangu, binti wa mwisho wa nyumba ile, umri wetu ulikuwa mmoja. Mimi, mkamwana mgeni, nimeolewa Mufindi kutoka upande wa Tukuyu, mwaka haujaisha. Mama mkwe, aliyefika mambo yakiwa katikati, akirudi kutoka safari ya Ubaruku. Na mganga wa zahanati, aliyetugombeza sote. Mume wangu hakuwepo, alikuwa zamu kiwanda cha chai.

Majina yao yote ninayo kichwani, hata la dereva wa trekta, hata la mbwa. Lakini kwetu Unyakyusani mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, na mimi la huyu sijalitamka tangu niolewe mpaka leo nina vitukuu. Sasa nikiandika ya wengine nikaliacha la kwake, itakuwa kama nimemtenga. Basi wote wakae bila majina.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kuandika si kazi yangu. Kilichonisukuma ni kiboksi. Mjukuu wangu alikuja likizo mwaka jana, anasomea mambo ya tiba, siku nzima yuko maabara. Tulikuwa tunachambua maharage, akatoa kiboksi cha plastiki. Ndani kulikuwa na kipande cheupe, ukubwa wa stempu mbili za barua, chepesi kiasi kwamba nilipokisogelea pumzi yangu ikakitikisa.

"Bibi, bahatisha. Hiki ni nini?"

"Utando wa buibui," nikasema. Sikufikiri hata.

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Bibi wewe! Hujakosea sana. Ila huu haukufumwa na buibui. Umevutwa na umeme."

Nikaweka ungo chini. Umeme ninaoujua mimi unaua. Umemuua ng'ombe wa jirani yetu pale nguzo ilipoanguka. Uzi unatokaje humo?

Akanieleza polepole, maana aliona macho yangu. Wanayeyusha kitu kinakuwa kama gundi, wanatia kwenye bomba la sindano. Ile ncha ya sindano wanaiunganisha na umeme mkali, mbele yake wanaweka bati. Tone likichungulia tu nje, umeme unalivuta, linarefuka, linachezacheza hewani kama mjeledi, linafika kwenye bati limeshakauka. Limekuwa uzi. Nyuzi zinalaliana moja juu ya nyingine hivi hivi, hakuna anayezipanga, mpaka kinatoka kile kipande.

"Mwembamba kama unywele?"

"Unywele wako mmoja, Bibi, uupasue, upasue tena, mpaka uchoke. Bado wako utakuwa kamba."

"Na kazi yake?"

"Vidonda. Watu walioungua. Nyama changa ya mwili inapanda juu ya hizi nyuzi kama maharage yako yanavyopanda fito. Unaweza kutia dawa ndani ya uzi, ikatoka kidogo kidogo. Na aina nyingine ukishaziweka huzibandui, zinayeyuka zenyewe ngozi ikifunga. Bado tunajaribu, mengi yako kwenye vyombo vya kioo na kwa panya. Lakini ndiyo kazi yenyewe."

Niliinamia maharage. Akadhani sijaelewa, akaanza upya. Nilikuwa nimeelewa kila neno. Sikuwa naye tena pale. Nilikuwa Mufindi, miaka ya sabini, nimeshika mguu wa baba mkwe na damu inanipita katikati ya vidole.

Hebu nirudi nyuma.

Mnyakyusa haolewi akaacha ufagio kwao. Kwetu nyumba inafagiliwa, inakandikwa, ukuta unapakwa udongo mweupe mpaka mgeni anaogopa kuegemea. Na kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe. Akitokea njiani unachepuka kwenye majani, unainama, unajifunika kichwa mpaka apite. Hamkai nyumba moja, hamsemezani. Wenyeji wangu Wahehe hawakuwa na ukali huo, na jambo lile liliwachekesha kupita kiasi.

"Wifi, utalala kwenye migomba mpaka lini?" wifi yangu alikuwa ananiambia. "Toka, baba hali watu. Leo ameshakula ugali."

Nikichungulia, kumbe mzee hayupo kabisa, wifi amenichezea tu. Ndivyo tulivyoishi.

Wakati wa baridi, wakivuna mpunga huko Usangu, mama mkwe alikwenda Ubaruku kwa binti yake mkubwa aliyekuwa amejifungua. Akaniachia jiko. Mimi nikasema moyoni, sasa ndipo nitaonyesha nimetoka kwa watu. Jiko lilikuwa nyumba ya peke yake, ya kuezekwa nyasi, na juu kumejaa masizi na utando. Lakini mahali pamoja, ndani ya stoo, kona ya juu ya mlango, utando ulikuwa mwingi na mweupe, hauna moshi, umekaa tabaka tabaka kama pamba. Nikaona aibu kwa niaba ya mama mkwe.

Wifi aliniona nafunga ufagio kwenye mwanzi mrefu.

"Wifi, hiyo kona iache. Ni mifugo ya mama."

"Mifugo gani? Buibui?"

"Nakwambia ana mifugo yake huko. Shauri lako."

Nikajua ananitania kama kawaida yake. Nikafagia yote. Nikachoma uchafu kwenye shimo, nikapaka udongo mweupe juu mpaka chini. Wifi aliporudi kutoka mtoni akasimama mlangoni, akasema tu, "Duh," akaenda zake.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe. Ukungu wa Mufindi mnaujua, ule wa mchana unaolowesha nguo kama mvua. Baba mkwe alikuwa anachanja kuni nyuma ya jiko, gogo la mti wa mwati limelowa. Mimi nilikuwa ndani, nampa mgongo japokuwa kuna ukuta. Nikasikia shoka linapiga, linapiga, halafu likatoa sauti nyingine. Halafu mzee akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimejikata."

Wifi akakimbia nje, akarudi uso hauna rangi.  Akavuta kigoda, akapanda, akapeleka mkono kwenye kona ya juu ya mlango wa stoo bila hata kutazama, kama mtu anayechukua chumvi. Akapapasa. Akapapasa tena. Akatazama.

"Wifi. Utando wa mama uko wapi?"

Nikautazama ukuta wangu mweupe. 

"Wifi, utando wa kuzuia damu uko wapi!"

Ndipo nikajua mifugo ni nini. Jamani, mshtuko ule sijawahi kuupata tena, hata siku ya msiba. Mama mkwe alikuwa anautunza. Kuku hawaingii kule, ufagio haufiki, moshi haufiki. Ukijikata unaukunja kidonge, unabandika, damu inajishika humo, inasimama. Nyumba zote za jirani walikuwa wanakuja kuomba. Mimi nimeuchoma kwenye shimo la taka.

"Njoo umshike," wifi akaniambia. "Mimi nakimbilia kwa jirani, kihenge chake cha mahindi kina utando."

"Siwezi. Ni baba mkwe."

"Basi afe!" Akatoka mbio.

Nilitoka nikitazama ardhi. Niliona kwanza shoka. Halafu nikaona majani mekundu. Halafu mguu, chini ya goti, umefunguka kama mdomo. Nilipiga magoti pale, sijui nimfikeje mtu ambaye hata kivuli chake nakikwepa. Mikono ikabaki hewani, haishuki.

Mzee alikuwa ameketi ameegemea ukuta wangu mweupe. Mabegani alikuwa na blanketi, kwa ajili ya baridi.  Nikaona kwa pembe ya jicho blanketi linapanda, linapanda, likafunika kichwa chote. Yule aliyekuwa anacheka kila ninapojitupa kwenye migomba ndiye aliyejificha ili mimi nisimwone. Kutoka ndani ya blanketi akasema:

"Haya mama. Hayupo mtu hapa. Kuna mguu tu."

Nikaushika. Nikabana kwa nguvu zangu zote, nikafungua kitenge changu, nikazungusha, nikabana tena. Damu ilikuwa moto na nje kuna baridi, ikawa inatoa mvuke. Nilibana nikilia, naye chini ya blanketi anahema.

Mara nikasikia nyuma yangu, "Kamwene!" Ni mama mkwe, ameshuka kwenye basi la asubuhi, mchele kichwani, anasalimia nyumba yake. Salamu ilikatikia hapo. Mchele uliangushwa, nasikia mpaka leo jinsi ulivyopiga chini. Akaniona nimekumbatia mguu wa mumewe. Sijui alishtushwa na kipi zaidi, damu au mimi.

Akaingia jikoni. Nikahesabu pumzi zangu. Akatoka mikono mitupu.

"Nani amefagia?"

Wifi alikuwa amefika, anahema, utando umo ndani ya jani la mgomba, wa kijivu, una vumbi na manyoya ya kuku. Akanitazama, akatazama chini, hakunitaja.

"Mimi, mama," nikasema.

Mama mkwe hakunipiga, hakunitukana. Alichukua ule utando mchafu, akautazama, akaguna, akachambua manyoya kwa kucha, akaubandika tabaka kwa tabaka. Damu ikaanza kuwa nzito. Ikasimama. Tukamfunga, tukamweka kwenye trekta la majani ya chai hadi zahanati.

Mganga alipofungua alirudi nyuma hatua mbili.

"Mmemtia nini?"

"Utando, mganga," mama mkwe akasema.

"Wa wapi?"

"Kihenge cha jirani. Chini wanalala kuku."

Alishika kichwa. "Mnataka kumuua kwa pepopunda! Damu mmeizuia, sawa, hilo silikatai. Lakini uchafu huu?" Alisafisha kidonda muda mrefu, akashona, akamchoma sindano. Akatuambia tumwangalie kinywa kila siku mpaka kidonda kipone. Kikianza kukaza, tumlete mbio.

Njiani kurudi mama mkwe akaniambia polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza: "Wa kwangu ulikuwa safi, mwanangu. Nilikuwa nafunga mlango kuku wasiingie."

Basi hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza. Mzee akifa kwa pepopunda, aliyemuua ni mimi na ufagio wangu. Wote walikuwa wanamtazama kinywa kila asubuhi. Mimi siruhusiwi kumtazama, nikawa namsikiliza. Nilikaa upande wangu wa ukuta nasikiliza anavyotafuna, anavyokohoa, anavyoita mbwa. Siku za kubadilisha bendeji nilisikia zaidi ya nilivyotaka, maana kitambaa kilikuwa kimegandia nyama, kikibanduliwa vinatoka vyote viwili pamoja. Kile kilio cha mtu mzima sikukisahau. Ndiyo maana mjukuu aliposema zake nyingine hazibanduliwi, nilikisikia upya.

Asubuhi moja wifi akamwamkia, mzee hakujibu. Akamwamkia tena. Kimya. Nikasikia wifi anasema, "Baba? Fungua mdomo. Baba!"

Sikukumbuka Unyakyusa wala mila. Niliruka nikaingia mpaka kitandani kwake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mashavu yamevimba, macho yamemtoka.

Alikuwa na kiazi kitamu cha moto mdomoni.

Alipokimeza aligeukia ukutani haraka, mimi nimeshajifunika kanga nipo chini, wifi anacheka huku analia. Mzee akauambia ukuta:

"Ukuta, mwambie mke wa mwanangu jiko lake ni zuri, jeupe. Afagie kote. Ile kona ya juu ya mlango amwachie mama yake."

Mguu ulipona, akabaki anachechemea kidogo wakati wa baridi. Kona ile niliifungia mlango mimi mwenyewe mpaka tulipohama. Na watu walipouliza jiko lilifagiliwa na nani, mama mkwe alikuwa anajibu ni yeye, kabla ya safari.

Nilimsimulia mjukuu yote haya. Akaacha maharage. Nikamwuliza lile lililokuwa linanikaba tangu alipofungua kiboksi:

"Huko maabara kwenu, humo mnamotoa utando, nani anafagia?"

"Bibi, kile chumba ni kisafi kuliko hospitali. Tunavaa glavu, tunafunika nywele, tunafunika mpaka viatu. Tukimaliza, kipande chenyewe tunakiulia vijidudu kabla hakijagusa kitu."

"Kwa hiyo utando na ufagio mmeviweka nyumba moja."

"Ndiyo, Bibi."

Nikamwomba anifungulie tena kile kiboksi. Akaniruhusu kutazama, kugusa akanikataza, nikatii.

Sasa ninyi mliokuwa karibu na Igowole, kule Mufindi, miaka ile, au mliosimuliwa na wazazi wenu, nisahihisheni. Wifi yangu yuko Iringa mjini, anasema ulikuwa mguu wa kulia, mimi nasema wa kushoto. Anasema pia kihengeni walilala mbuzi, wala si kuku, na kwamba mama mkwe alileta mchele nusu gunia, nami nakumbuka ulikuwa kidogo zaidi. Huenda yeye ndiye mwenye kumbukumbu. Kama hata lile blanketi lilikuwa koti, niambieni, nitafuta. Lakini kwamba alijifunika, hilo niliona mimi peke yangu, kwa pembe ya jicho.