Maji ya Kijani Chini ya Gari Langu na Paka Watano wa Mambrui

Wakuu, assalaam aleikum, na shikamooni mlionitangulia kwa umri. Haya niyaandikayo niliyashuhudia mwenyewe. Sikuongeza neno, ijapokuwa mengine natamani yangekuwa uwongo.

Mimi ni mwalimu. Naishi Mambrui kwa shangazi yangu, Bi Rukia. Uani pana chumba cha kupangisha, anamokaa Bi Kadzo, mjane mwenye mvi, macho mekundu kwa moshi wa kukaanga mihogo. Gari langu hulala uani hapo hapo.

Gari lilianza kupoteza maji ya rejeta. Nikachora mstari wa wino kwenye tangi lake dogo. Kila asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili, na chini pana mchanga mkavu, mweupe, wenye alama za ufagio tu.

Nikalipeleka kwa fundi Malindi. Lilifika likiwa moto. Akapapasa mipira yote ya maji.

"Kavu, mwalimu. Labda wafuga jini mwenye kiu," akacheka.

Sikucheka. Wiki hiyo paka wa uani walikuwa wameanza kufa.

Wa kwanza alipepesuka kama mlevi, akainamia ndoo na kunywa bila kukoma. Siku ya pili yake alikuwa mkavu kama ubao. Akafuata wa pili, wa tatu, wa nne. Hawakuwa na jeraha.

Wote walikuwa wakila vichwa vya samaki mkononi mwa Bi Kadzo.

"Mtu gani huyu, awalishao hufa?" shangazi akauliza, kwa sauti ya kumfikia mjane chumbani. "Ijumaa ahame. Akaroge kwengine."

Majirani wakaitikia. Na huku kwetu, mwenye mvi akishabandikwa jina la mchawi, kuhamishwa ndilo dogo la kumpata.

Mimi, ninayesomesha watu kutaka ushahidi, nilinyamaza. Tena nikaacha kumwamkia.

Alhamisi shangazi aliamka na homa. Nilitoka baada ya sala ya alfajiri, kunapambazuka, na kwa mara ya kwanza nikaukuta uwanja haujafagiwa.

Chini ya gari palikuwa na kidimbwi cha kijani, ukubwa wa kisahani. Nyayo za paka zilikizunguka. Paka wa tano alikuwa ameinama, akilamba taratibu, kama alambaye maziwa. Akaniinulia macho, kisha akaendelea.

Ndipo nikaelewa. Shangazi huona aibu jua kuukuta uwanja mchafu, basi hufagia gizani kabla mtu hajatoka. Ufagio wake ndio uliokuwa ukikifukia kidimbwi kwa mchanga mkavu na kufuta nyayo.

Nikamwita fundi aje gari likiwa baridi. Akatia kidole kwenye klipu zinazokaza mpira wa chini wa rejeta, kikatoka na kutu.

"Chumvi ya bahari imezila. Injini ikipoa mpira wanywea, maji yatoka. Ikipata moto wafura, paziba. Ndiyo maana siku ile sikuona kitu." Akautazama mchanga. "Na dawa hii ya kijani ya kupozea injini ni tamu, mwalimu. Ni sumu."

Akafunga klipu mbili mpya.

Nikamtoa shangazi na homa yake, nikawaita na majirani, nikawaonyesha. Shangazi alikitazama kidimbwi.

"Mwambie afungue mizigo," akasema, akarudi kulala.

Bi Kadzo alikuwa amekwisha kulifunga godoro kwa kamba. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hao wengine siwashangai, mwanangu," akasema. "Wewe uliacha kunipa shikamoo."

Paka wa tano tulimzika Ijumaa.

Wakuu, mstari wa wino haujashuka tena. Gari lako likipoteza maji na chini pakavu, likague likiwa baridi, kabla ya ufagio kupita. Na dawa ile ikimwagika, ioshe kwa maji mengi.

Uani sasa hapana paka. Kila asubuhi namwamkia Bi Kadzo mlangoni pake. Huitikia "marahaba" kutoka ndani, mlango umefungwa.

Aliyewahi kumrudishia mtu heshima aliyomnyima, aniandikie hapa chini alifanyaje. Habari za klipu nimekwisha kuzielewa.