Samaki wa Chupa na Samaki wa Sufuria

Mimi nauza samaki wakavu hapa Nchelenge, na mutu akiniambia kuna samaki wa ziwa hili la Mweru nisiyemujua, nakasirika kabisa. Ndiyo maana nilikubali kazi ya mama mumoja wa makumbusho.

Alikuwa Muzambia aliyesoma Lubumbashi, anaongea Swahili yetu ya Kongo kwa lafuzi ya Kibemba. Kazi yake ilikuwa kukusanya samaki wa kila namna, wazima na matumbo yao, kuwatia kwenye chupa za dawa ya kuzuia kuoza, na kuandika kikaratasi: amevuliwa wapi, siku gani, kwa wavu gani. Halafu chupa zinaenda kukaa kwenye makabati ya makumbusho.

"Wataliwa lini?" nilimuuliza.

"Hawaliwi, mama."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Samaki wa kutunzwa miaka na miaka, na siye humu tunagombania kichwa!

Lakini kazi ikanikolea. Kila asubuhi nilifika Kabuta, kule mitumbwi inapotua, mbele ya wachuuzi wote, nikapekua mitumbwi mpaka wavuvi wakaniita polisi wa samaki. Tulipata namna zote alizotaka isipokuwa moja: samaki mudogo, mudomo murefu umepinda chini, na mustari mweusi karibu na mukia. Makumbusho walikuwa naye mumoja tu, wa zamani, amepauka kwenye chupa. Yule mama aliniambia akimukosa safari hii tena, ataandika kwamba haonekani tena Mweru.

"Usiandike!" nikamwambia. "Nitamuleta mimi mwenyewe." Ulimi hauna mufupa, nilisema tu.

Siku ya mwisho, gari lake likiwa la kuondoka kesho yake asubuhi, muvuvi mumoja akanitolea wawili kutoka chini ya mutumbwi. Nilipiga vigelegele peke yangu, watu wakaniangalia. Nikapanda nyuma ya baiskeli ya muchuuzi, nikafika nyumbani, nikawaweka kwenye beseni. Nikamwambia mama mukwe wangu, "Mama, hawa ni wa mugeni," nikakimbia kumuita mugeni mwenyewe kwenye nyumba ya wageni. Sikueleza zaidi. Hilo ndilo kosa langu.

Kwa sababu kwetu mugeni hapewi samaki na matumbo yake. Ni matusi. Tuliporudi, mama mukwe alikuwa amewapara magamba, amewapasua, amewachanja mbavu na kuwapaka chumvi. Alikuwa anatabasamu.

"Karibu, mama. Mafuta inaanza kupata moto."

Mayo! Nilitaka kulia, nilitaka kupiga kelele, lakini mama mukwe hapigiwi kelele, hata akichoma nyumba. Yule mama wa makumbusho aliinama juu ya sahani, akawageuza kwa kidole.

"Matumbo iko wapi?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Bata imekula," mama mukwe akajibu. "Lakini mayai niliweka pembeni. Mayai ni ya mugeni. Siye tunajua heshima."

Akafunua kibakuli. Yalikuwa mayai ya manjano, mengi, bado hayajaguswa na chumvi. Yule mama aliruka juu. "Wanazaa! Bado wanazaa humu!" Akamukumbatia mama mukwe na mikono yake ya chumvi. Mayai yakaingia chupani, samaki mumoja akafuata na michanjo yake, na kwenye kikaratasi akaandika kwamba amesafishwa na mama mukwe, kwa heshima.

Akanyoosha mukono kwa yule wa pili. Mama mukwe akavuta sahani.

"Huyu hapana. Mugeni hatoki kwangu na njaa."

Nilimuangalia yule mama, roho juu. Safari tatu amekuja kwa sababu ya samaki huyu! Bon, akanawa mikono, akakaa kwenye mukeka, akangoja sufuria. Alikula polepole, akanyonya kichwa kama mutu wa Kabuta, halafu akaanza kucheka huku machozi yanamutoka.

"Unajua," akasema, "vitabu vyote nilivyosoma, hakuna aliyeandika ladha yake."

Vidole vyake vilijaa mafuta, akanisukumia daftari kwa kiwiko. "Andika weye."

Mimi, kwenye daftari ya makumbusho! Nikamuuliza mama mukwe, naye akasema, mimi nikaandika: Mutamu. Anataka chumvi kiasi. Miiba mingi.