Mluzi Katika Kitalu cha Olmotonyi

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya kitalu cha miche Olmotonyi mpaka misonobari haionekani. Pudensiana, mwenye miaka 58, anatoa mfukoni pampu ya kahawia, anaitikisa, anavuta dawa, anahesabu hadi kumi, kisha anasukutua kwa maji ya chupa. Wenzake wanamsogelea. Wanasikiliza kifua chake.

Hapa mluzi ni jambo zito. Nyati wakishuka kutoka msituni, mlinzi Lerionka hupiga mluzi mwembamba, wa chini chini, asije akawashtua, na wanawake huacha viriba vya udongo vya kuoteshea miche na kukimbilia stoo.

Mwezi wa nne mluzi ulilia asubuhi tatu mfululizo. Walikimbia. Lerionka aliapa hajaupiga. Kwenye matope hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Wapo walioanza kunong'ona kuhusu mkata miti aliyefia huko juu zamani.

Nalepo, anayejaza viriba pembeni ya Pudensiana, alimtania kwa kubaki nyuma kila mara: "Bibi Pude, au hao nyati ni wa kwenu Kibosho?"

Siku ya nne mluzi ulipolia, Pudensiana hakuweza hata kuinuka. Wenzake waliyeyukia kwenye ukungu, mlango wa stoo ukafungwa. Mluzi ukabaki naye.

"Nilijua huyo anayepiga mluzi amesimama nyuma ya shingo yangu," anasema. "Nikabana pumzi nimsikie vizuri. Kimya. Nikaachia, huyo tena. Ndipo nikajua ni mimi."

Lerionka alimkuta ameshika kifua, midomo imebadilika rangi, akamkimbiza zahanati.

Pumu anayo mwaka wa kumi na moja sasa. Muuguzi alishamwelekeza: pampu ya bluu anapobanwa, ya kahawia kila asubuhi na jioni, hata akijiona mzima. Lakini alipokaa miezi miwili bila kubanwa, ile ya kahawia aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini chini ya mashuka.

"Niliona naimaliza bure, mtu sina ugonjwa. Kumbe huo uzima ndiyo kazi yake."

Tangu atoke zahanati hajairuka pampu ya kahawia hata siku moja, na amerudi kujaza viriba mia nne kwa siku.

Nalepo anainua sikio lake kutoka mgongoni kwa Pudensiana. Leo kifua hakilii. Kazi inaanza.

"Naomba kitu kimoja tu," anasema Pudensiana, akifunika pampu. "Mluzi ukilia tena, wawe nyati kweli. Na mimi niwe wa kwanza stoo."