Kikombe Kilichong'oa Kahawa ya Baba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mdomo wangu hujaa uchungu, na uchungu huo ni wa kahawa iliyoungua. Ilikuwa Kalunguta, kwenye kilima cha baba yangu, wakati waasi walipotawala Beni na Butembo na kila mwezi tulisikia kundi moja limezaa mawili.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini nanyamaza ninapotengeneza kahawa, na kwa nini nakukataza kunisemesha mpaka niimimine. Leo nitakujibu. Nitajibu polepole, kwani mimi niliyekuwa nikikimbilia majibu najua yalinifikisha wapi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mapigano yalinikuta chuoni Kisangani, masomo yakasimama, nikarudi nyumbani kwa malori na kwa miguu, nikiwa na begi la vitabu na kafetiera moja ya pistoni aliyoniachia mwalimu wetu mmoja alipokuwa akirudi Ulaya. Unaijua: ile chupa ya kioo yenye chujio la chuma na fimbo ya kulisukuma chini. Nilikuwa nimemwona mwalimu akiitumia mara nyingi. Nasema nilimwona, sisemi nilimtazama, maana kila alipotengeneza kahawa mimi nilikuwa nikibishana.

Nilikuwa mtu wa kuuliza. Niliuliza katekista, niliuliza chifu, niliuliza askari wa kizuizi iko wapi barua iliyompa ruhusa ya kuweka kamba barabarani, na nilipona kwa rehema za Mungu tu. Methali ndizo nilizozichambua kama kuku anavyochambua jaa. Mama akisema haraka haraka haina baraka, namjibu: na wale waliokimbia risasi polepole, walipata baraka gani? Mama alinyamaza. Nami nikahesabu ukimya wake kuwa ushindi wangu.

Sasa elewa jambo moja, la sivyo hutaelewa kosa langu. Sisi watu wa kahawa hatukunywa kahawa. Tuliichuma, tukaianika, tukaiuza, na magunia yakavuka mpaka kwenda Uganda. Nyumbani tulikunywa chai, na siku za sherehe wazee wakanywa kasiksi, pombe yao ya ndizi. Mtoto aliyetaka kuonja kahawa aliambiwa: unakunywa minerval yako, yaani ada yako ya shule. Na kweli, ile miti aliyoipanda babu ndiyo iliyonisomesha tangu darasa la kwanza hadi chuo. Baba yangu, Mzee Kakule, alikuwa ameilima tangu ujana wake na hakuwahi kujua ladha yake.

Mwaka ule mnunuzi kutoka Butembo alimwambia kahawa yake ni mbaya, ina ladha ya udongo. Majirani walikuwa wameanza kung'oa miti yao na kupanda muhogo, wakisema vitani mtu hali kahawa. Baba hakulala vizuri. Alizunguka shambani akigusa matawi kama mtu anayepima homa ya mtoto. Asubuhi moja akaniita.

"Masika, mwana wangu, minakuomba kitu kimoya. Ile kafetiera yako ya bazungu, unipikie ndani kawa yangu. Nionje miye mwenyewe."

"Juu ya nini, Papa?"

"Nijue kama ule mununuzi anasema uongo. Kama kawa iko muzuri, nitavumilia mupaka vita iishe. Kama iko mubaya, nitangoa yote, tupande mihogo. Weye umesoma. Utaniambia."

Mwanangu, hakuna aliyewahi kunipa mtihani mkubwa kuliko huo, nami niliupokea kama mtu anayeombwa chumvi.

Jirani yetu Mzee Katembo alisikia, akaja na kiti chake. Ujanani alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja upande wa Beni, na chombo kama kile alikishika kila siku kwa miaka mingi. Alinikuta nimeziacha kahawa kwenye kikaango mpaka zimekuwa nyeusi na kutoa moshi. Akaketi akatazama. Nilipoanza kutwanga, akashindwa kujizuia.

"Inatosha, mwana. Iache kama muchanga ya mutoni. Hapana kuifanya bunga."

"Papa Katembo, ikiwa laini itatoa nguvu yote. Ni sayansi hiyo."

"Haya. Na mayi? Ikitokota, itoe ku moto, ingoye kidogo. Kisha ukishamimina, unafunika, unangoya dakika ine. Hapana zaidi."

"Ine juu ya nini, hapana tano? Nani alipima? Uko na saa?"

"Salamu Maria kumi, pole pole. Patron, ule muzungu, alipima na saa yake, miye nikapima na rozari. Tulifika pamoja."

Nilicheka mpaka mchi ukanitoka mkononi. "Donc, basi kawa ni Mukatoliki! Na Baprotestanti banafanya je?"

"Banakunywa chai," akasema, naye akacheka. Kisha akaongeza, akimtazama baba: "Kakule, ku université banafundisha kusikia, ao kubisha tu?"

Baba alitabasamu. Mimi sikutabasamu tena. Nilimimina maji yakiwa yanaruka kwenye sufuria, juu ya kahawa iliyokuwa unga mtupu, na badala ya kungoja nikaanza kumweleza Mzee Katembo kwamba desturi si hoja, kwamba walowezi walimfundisha kutii na si kufikiri, kwamba mtu anayepima wakati kwa sala hajui anapima nini. Nilizungumza vizuri sana siku ile. Nilikuwa bado nazungumza mvuke ulipokoma kutoka kwenye kioo.

"Imepita, mwana," akasema kwa upole. "Mwaga. Tuanze tena. Kama unataka, miye nitaifanya, weye utatazama."

Hapo, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi hapo. Kahawa nyingine ilikuwepo, maji yalikuwepo, hata vita siku ile ilikuwa mbali. Lakini kumwaga kungekuwa kukiri mbele ya baba kwamba mpishi anajua nisichojua. Nikamwambia asiguse, kioo kitavunjika. Nikasema, "Kawa ni kawa." Nikaikandamiza ile fimbo. Haikushuka, kwa sababu ule unga ulikuwa umeziba chujio, nami nikaikalia kwa nguvu zote mpaka kahawa ikaruka na kuniunguza kifundo cha mkono.

Baba alipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakutaka sukari, alitaka kuijua ilivyo. Alikunywa chote, tope na yote, kwa adabu, bila kukunja uso. Kisha akaniuliza kama ndivyo kahawa huwa:

"Njo hivi inakuwaka?"

Nami pia nilionja. Ilikuwa makaa na udongo. Na unajua nilichofanya? Mimi niliyemshuku katekista, chifu na askari, sikuushuku mkono wangu. Nyani haoni kundule.

"Njo hivi, Papa. Mununuzi hakusema uongo."

"Kakule," Mzee Katembo akasema, "hapana kuamini hii kikombe. Kawa haijasema kitu bado. Aliyesema ni mutoto."

Baba akaweka kikombe chini. Kisha akasema kwa heshima, kama ilivyokuwa desturi yake, "Rafiki yangu, mutoto yangu amesoma." Akanigeukia: "Wasingya, Masika." Ndiyo asante ya Kinande, na sijawahi kupewa asante nzito kuliko hiyo.

Jumatatu alianza kung'oa. Alianzia safu ya babu, iliyo karibu na nyumba, ili asije akakosa moyo baadaye. Mama alikusanya mizizi kwa ajili ya kuni. Mimi nilikuwa barazani nikisoma. Nakumbuka hata kwamba kelele za jembe zilinikera.

Muhogo ulikua vizuri, lakini hatukuula. Mwaka uliofuata mapigano yalifika kwenye barabara yetu, tukakimbilia Butembo na vichwa vilivyobeba kile kilichobebeka. Muhogo wetu ulichimbwa na kila aliyepita na njaa, mwenye bunduki na asiyenayo. Majirani waliokuwa wamebakiza kahawa walirudi baadaye wakaikuta imezama katika magugu, wakafyeka, wakapogoa, wakachuma. Kahawa inajua kungoja wenyewe. Sisi tulikuwa hatuna kinachotungoja.

Tulipanga chumba Butembo, mtaa wa juu ambako ukungu huingia hadi kitandani. Mzee Katembo naye alikuwa amekimbilia huko, kwa binti yake, na Jumapili moja baada ya misa akaja kutusalimu. Mama alikuwa anatafuta kitenge cha kumfunika mgeni magoti, akatoa sandukuni mfuko mdogo. Ulikuwa na kahawa ya mavuno ya mwisho, bado kwenye maganda yake.

"Ni ya ku shamba ya Kakule?" Mzee Katembo akauliza. "Masika, ile chupa yako iko?"

Ilikuwepo. Nilimpa. Kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Alitwanga maganda yakatoka, akapepeta. Alikaanga kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga, mpaka zikaanza kupasuka kidogo kidogo na kuwa na rangi ya barabara yetu mvua ikinyesha, akazitoa hapo hapo na kuzipepea zipoe. Alipiga mchi kwa mkono mwepesi, akapitisha vidole, akaacha zikiwa chengachenga. Akaisuuza chupa kwa maji moto ili kioo kisishtuke. Maji yalipotokota aliyatoa motoni na kungoja yatulie. Alimimina kidogo kwanza, povu la kahawia likapanda, akakoroga kwa kijiko cha mti, akajaza, akafunika bila kusukuma. Kisha akakaa, na midomo yake ikaanza kwenda. Chumba kizima kilinyamaza pamoja naye. Alipomaliza aliweka kiganja juu ya fimbo, akauacha uzito wa mkono ushuke wenyewe, akamimina vikombe vyote mara moja ili isibaki kwenye mashapo ikawa chungu.

Baba akanywa. Akasimamisha kikombe hewani. Akanywa tena. Mimi nilikuwa nimeonja tayari na nilikuwa natazama sakafu: ilikuwa tamu bila sukari, mwanangu, kama kuna tunda ndani.

"Hii ni kawa ya nani?" baba akauliza.

"Ni ya kwako, Papa."

Aliutazama ule mfuko, akamtazama mama, ambaye aligeuka akatafuta kitu ambacho hakikupotea. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

"Na ile ingine, ya siku ile? Ilikuwa ya nani?"

Hakuna mtihani wa chuo ulionichukua muda mrefu hivyo kujibu. "Ilikuwa ya kwangu, Papa," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu. Akamaliza kikombe chake, akavaa kofia, akatoka kutembea kwenye ukungu. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine, na ningempa chochote anilaumu. Barabara ilipotulia tulikwenda kuangalia shamba. Nilimwambia tupande tena, mimi nitalima. Akasema, "Panda weye. Kawa inaomba miaka tatu, ine, mbele ya kuzaa. Ni muti ya batoto." Nilipanda. Tulimzika kabla haijatoa ua la kwanza.

Wanasema majuto ni mjukuu. Nimeichambua hiyo nayo, na naiona ina kasoro: mjukuu hukua akaondoka.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kuuliza. Kuuliza si ujinga, na nchi hii imeumizwa zaidi na wasiouliza. Uliza juu ya nini, uliza nani alipima. Lakini ukishauliza, funga mdomo mpaka jibu liive, kwani swali usilolingojea jibu ni tusi lililovaa suti. Na unapomshuku kila mtu, anza na mikono yako. Kabla hujasema kitu cha mwenzako ni kibaya, hakikisha si wewe uliyekiunguza. Ukikosea, mwaga mapema. Kahawa iliyomwagwa ni hasara ya kikombe. Mimi sikutaka kumwaga kikombe, baba akapoteza kilima. Na siku mtu asiyesoma atakapokuambia "weye umesoma, utaniambia", ogopa, mwanangu. Kaa chini. Amekupa kitu chake chote ukishike.

Na kahawa yenyewe usiifanye unga, usiipige na maji yanayoruka, usiikandamize kwa hasira. Usipokuwa na saa, Salamu Maria kumi zinatosha. Nimezipima na saa tatu tofauti, maana tabia haiishi, na yule mzee alikuwa sahihi.

Mungu akupe akili kali na mkono mwepesi. Akupe watu wa kukuambia "mwaga, tuanze tena", na moyo wa kuwasikia wakiwa bado hai. Na yeyote atakayekuamini, mwanangu, asije akajuta.