Majina Mawili, Jembe Moja

Nililitupa jembe chini mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuchimbiana mitaro aliponiambia, "Usijali, mama. Wote wameitikia."

"Wote wako wapi? Mimi naona nusu."

"Hao wengine wamewakilishwa."

Wamewakilishwa! Ilikuwa zamu ya shamba langu, huku Ikutha. Mvua iko karibu, na kila mwaka udongo wangu huishia mtoni, kwa hivyo mitaro ilikuwa lazima imalizike siku hiyo. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni. Mke wa mwenye duka hakuja; alimlipa jirani yangu amchimbie. Lakini huyo jirani ni mwanachama pia, angekuja tu! Sasa majina mawili, jembe moja. Wenzake wenye pesa wakafanya vivyo hivyo. Jirani simlaumu. Ana watoto wa kulisha.

Mwethya wa mama yangu, kikundi chao cha kulimiana, haukuwa hivi. Nikiwa mtoto nilikuwa nawafuata na kibuyu cha uji. Mke wa mwalimu mkuu alikuja na viatu vizuri, akavivua, akaingia mtaroni miguu mitupu. Wanawake wakamchokoza: "Hebu tuone mikono ya chaki!"

"Chaki ni ya bwanangu. Jembe ni langu. Sogea, mvivu wewe!"

Walicheka mpaka wakaegemea majembe. Kisha wimbo unaanza, udongo unarushwa juu kwa mpigo mmoja, na kata ya uji inazunguka mdomo hadi mdomo bila mtu kuifuta. Jioni yeye alirudi kwa nyumba ya mawe, sisi kwa ya udongo. Tulijua. Hakuna aliyetudanganya kwamba tuko sawa. Lakini malengelenge yalikuwa ya kila mtu, na mpaka leo nikisikia harufu ya mchanga uliochimbuliwa, namkumbuka akipuliza viganja vyake, akicheka.

Mwenyekiti ananiambia, "Hapa hakuna matabaka. Sisi sote ni wanachama." Kama hakuna, mbona zamu ya mke wa mwenye duka tulijaa wote, mikono yetu wenyewe? Nilimuuliza hivyo. Akasema nina mdomo. Ndiyo, ninao.

Kesho yake nilienda kwa ofisi iliyosajili kikundi, nikaandikisha malalamiko:

"Zamu yangu ilichimbwa nusu. Naomba irudiwe kabla ya mvua. Mgonjwa na aliyejifungua wasamehewe. Wengine waje wenyewe, na anayetuma kibarua asichimbiwe na kikundi."