Nilimfukuza mke wangu chumbani ili kobalti isikimbie

Za mchana wakuu,

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Mkitaka kucheka chekeni, mimi zamu yangu nilishamaliza.

Tulikuwa tunaishi Kolwezi, Kongo. Jirani alichimba shimo la choo, akakutana na kobalti, yale madini ya betri. Wiki mbili baadaye kila mume mtaani alikuwa anachimba ndani ya nyumba yake! Mimi nikachagua chumba cha kulala, maana mgeni haingii huko.

Sasa wachimbaji wa kwetu wana mwiko: mwanamke akikaribia shimo, madini yanakimbia. Yanakimbilia wapi, msiniulize.

Nikamhamishia mama Kabwe, mke wangu, sebuleni. Miezi mitano analala kwenye mkeka, mimi nalinda shimo kama askari wa benki.

Nilipata nini? Udongo mwekundu. Mwingi, wakuu, mwingi mno.

Kisha ikaja amri: mtaa mzima uhame, nyumba zinabomolewa. Mke wangu akafunga mizigo. Lori la kwenda kwa kaka yake, mjini Likasi, likasimama nje. Mimi kichwa maji nikashuka shimoni kwa kamba kuchimba gunia la mwisho.

Kamba ikakatika!

Nikapiga kelele. Akaja, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Tata Kabwe, mi naweza ingia? Kobalti haitakimbia?"

"Ikimbie! Ikimbie yote! Mama, nakufa huku!"

"Sema tena, sisikie muzuri."

Nikasema mara tatu, tena kwa adabu zote. Akaunganisha vitenge vyake, yeye na dereva wakanivuta.

Kuniona nilivyojaa udongo mpaka masikioni, akacheka hadi akakaa chini. Nikacheka naye, ila moyo uliniuma. Nilijua ananiacha, na haki anayo.

Lori likawashwa. Nikabaki na koleo mkononi, sina nyumba, sina kobalti.

Akachungulia kutoka juu ya mizigo.

"Weye, unangojea nani? Nilikuwekea nafasi tangu asubui. Panda!"

Tangu asubuhi, wakuu! Kabla sijamwomba chochote.

Nilichojifunza: mali hukimbia hata ukiilalia mlangoni. Mwenzako usimfukuze kwa ajili yake.

Nawe uliyewahi kumlaza wako sebuleni kwa sababu ya ndoto, ungama hapo chini. Mama Kabwe anasoma komenti zote, tena kwa sauti.