Udongo Unataka Nywele

Juzi nilipita penye nyumba inayobomolewa, nikaona nyuzi za makumbi ya nazi zimechomoza kwenye udongo wa ukuta, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Miaka ile baada ya Mapinduzi baba alipata kiwanja Mbweni, Unguja. Nilikaa kutwa nikimtazama fundi wetu, Mzee Haji, akikanyaga udongo kwa miguu. Ulinukia mvua. Nikamsikia akimwambia baba, "Udongo huu unataka nywele, ama sivyo utapasuka."

Alikusudia makumbi. Mimi nilifahamu nywele za kichwa. Nikaenda kuchukua mkasi wa mama wa kushonea, nikakata misuko yangu yote minne, nikampelekea Mzee Haji.

"Ewe mwanangu, umefanya nini?" akaniuliza.

"Nnataka nyumba yetu isipasuke."

Mzee Haji hakucheka. Alizipokea nywele kwa mikono miwili, akazikanda na udongo, akaukandika juu ya dirisha la chumba chetu. Nilifurahi mpaka nilipojipapasa kichwa. Hapo nikalia kwa kwikwi, nikimsihi azitoe anirudishie, maana nilidhani nywele zikishakatwa hazioti tena.

Mama akatokea na chanuo na chupa ya mafuta ya nazi, kwani ndiyo saa yake ya kunisuka. Alinitazama kichwa. Kisha akakaa juu ya rundo la mawe, akanivuta baina ya magoti yake, akanipaka mafuta kichwa kizima, taratibu, kwa muda ule ule aliozoea kunisuka.